MASEGA YA GARI HAYAFI BURE
Somo kwa vikundi vyenye gari la zamani



Leo tunasoma juu ya chombo kimoja kilichojificha chini ya gari. Mafundi wetu wanakiita "masega". Wengi wetu tumepanda magari miaka mingi bila kukiona. Lakini chombo hiki kikiharibika, gari linashindwa kupanda mlima, petroli inakwisha upesi, na kikundi kinaweza kupoteza fedha nyingi kwa siku moja.

Naomba msome pole pole. Kama mko katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mwisho wa somo kuna hesabu na maswali. Leteni daftari na kalamu.

1. Yaliyotokea

Katika kijiji kimoja ambako nilikuwa nikienda kukagua madarasa ya kisomo, wanakisomo 22 waliomaliza masomo waliunda kikundi cha kuweka na kukopa. Baada ya miaka kadhaa walinunua gari dogo la petroli. Gari hilo lilitengenezwa Japani mwaka 2002, na lilikwisha tumika huko kabla ya kuletwa kwetu. Siku za gulio lilipeleka watu na mizigo. Wanakikundi walikubaliana pia jambo moja, wakaliandika katika daftari: mgonjwa akitokea usiku, gari litatoka kwanza, nauli itazungumzwa baadaye.

Masika ilipoanza, gari likaanza kutetemeka likiwa limesimama. Kwenye dashibodi, taa yenye picha ya injini ikawa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Mwenyekiti akamwuliza dereva.

"Inamisi kidogo tu, Mzee," dereva akajibu. "Silinda moja inakosa moto. Ikipata joto inakaa sawa."

Basi wakaendelea kulitumia. Wiki ya kwanza, gari likanuka petroli. Wiki ya pili likaanza kunywa mafuta kuliko kawaida. Wiki ya tatu, usiku, mama mmoja alishikwa na uchungu wa uzazi. Gari lilitoka naye vizuri hadi kwenye mlima unaoelekea kituo cha afya. Hapo likakosa nguvu. Dereva alikanyaga mafuta mpaka mwisho, lakini injini ilikoroma tu kama mtu aliyezibwa pua. Chini ya gari kulikuwa na chuma kimewiva, chekundu kama kaa la moto. Wakamteremsha mama yule, wakakaa naye kando ya barabara mpaka ikapatikana pikipiki ya kumpeleka. Alifika, akajifungua salama. Lakini wanakikundi hawakulala usiku ule. Kila mmoja alijiuliza, je, pikipiki isingepatikana?

Siku ya pili gari likavutwa hadi gereji mjini. Fundi akaingia chini, akatoka, akasema:

"Masega yameziba. Tuyatoe tu, tupasue, tubakize bomba tupu. Hayana kazi huku kwetu. Gari itaruka kama mpya. Mtanipa hela ya ufundi, na hayo makapi nitawatupia mimi mwenyewe."

Wengine wakafurahi. Lakini mweka hazina, mama aliyejifunza kusoma akiwa na wajukuu, akasema:

"Fundi mwanangu, samahani. Mtu hutoa figo kwa kuwa hajui kazi yake? Niandikie hapa jina la kitu hicho. Nitakwenda kuuliza, kisha nitarudi."

Fundi akaandika. Mama akaniletea karatasi ile. Nilisoma, lakini hata mimi nilikuwa sijui. Basi tukaenda wote wawili kwa mwalimu wa ufundi wa magari chuoni. Haya mnayosoma leo ndiyo tuliyofundishwa siku ile, pamoja na niliyoyasoma baadaye.

2. Masega ni kitu gani?

Petroli ikiungua ndani ya injini, moshi hutoka kwa bomba hadi nyuma ya gari. Katikati ya safari hiyo kuna boksi la chuma. Ndani ya boksi mna kipande cha udongo wa kuchoma, mfano wa kigae, chenye vitundu vidogo vidogo mamia kwa mamia, vilivyopangwa kama sega la nyuki. Ndiyo maana mafundi wakakipa jina la masega. (Baadhi ya magari yana sega la bati jembamba.) Moshi wote wa gari hupita ndani ya vitundu hivyo.

Kuta za vitundu zimepakwa madini ya thamani, kiasi cha gramu chache tu. Madini hayo ni platinamu, paladiamu na rodiamu. Yakipata joto, hubadilisha sumu iliyo katika moshi. Sumu hizo ni tatu:

(a) Kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi wala harufu, na huua mtu.
(b) Mvuke wa petroli ambayo haikuungua.
(c) Oksaidi za nitrojeni. Hizi huchoma mapafu.

Zikipita katika masega mazima, sehemu kubwa ya sumu hizo hugeuka kuwa mvuke wa maji, kabonidayoksaidi na nitrojeni. Nitrojeni ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta kila siku.

Masega hayafanyi kazi yakiwa baridi. Yanahitaji joto la nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi ndipo yaanze kazi. Kumbukeni kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Kwa hiyo mjue jinsi boksi hilo linavyokuwa la moto.

Magari ya Marekani yalianza kuwekewa masega kwa wingi kuanzia matoleo ya mwaka 1975. Huku kwetu yalichelewa kufaa kwa sababu petroli ya zamani ilitiwa risasi, na risasi huua masega. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Aljeria, mwaka 2021. Kwa hiyo maneno kwamba "masega hayana kazi huku kwetu" si kweli. Mapafu ya mtoto wa hapa na ya mtoto wa Japani ni mapafu yale yale.

3. Nini kinaua masega?

Ndugu wasomaji, hapa ndipo kiini cha somo letu. Mwalimu wa chuo alitutazama, akasema:

"Masega hayafi bure. Ukiona yamekufa, tafuta aliyeyaua. Ukifunga mapya na muuaji bado yumo ndani ya gari, atayaua na hayo."

Wauaji wenyewe ni hawa:

Muuaji wa kwanza ni kumisi. Plagi moja ikiacha kutoa cheche, au koili yake ikifa, petroli ya silinda ile haiungui. Inatoka mbichi, inaingia katika masega yaliyo moto, inaunguia humo. Joto linapanda kupita kiasi, na vitundu vinayeyuka na kuzibana. Hivi ndivyo lilivyokufa gari la kikundi chetu. Katika magari mengi ya kisasa, taa ya injini inayowaka na kuzima ina maana hiyo hiyo: masega yanaungua sasa hivi. Dereva akiiona apunguze mwendo, asimame mahali salama, na asiendelee na safari ndefu. Plagi moja ni bei ndogo sana ukilinganisha na masega.

Muuaji wa pili ni oili. Injini iliyochoka hupitisha oili na kuichoma pamoja na petroli. Moshi unakuwa wa rangi ya samawati. Majivu ya oili yanapaka kuta za masega, na madini hayafikiwi tena na moshi.

Muuaji wa tatu ni maji ya rejeta. Gasketi ya silinda hedi ikiungua, maji yenye dawa ya rejeta yanaingia katika injini na kutoka na moshi. Yanaharibu masega vile vile. Ukiona maji ya rejeta yanapungua na hakuna panapovuja, shughulika mapema.

Muuaji wa nne ni barabara yetu. Jiwe likigonga boksi, kigae cha ndani kinapasuka. Tena gari likiwa la moto sana likatumbukia katika maji ya mto, kigae kinaweza kupata ufa, kama chungu cha moto kinavyopasuka kikimwagiwa maji baridi.

Muuaji wa tano ni kulazimisha. Gari linalokataa kuwaka likisukumwa au kupigwa stata mara nyingi mno, petroli mbichi inajaa katika bomba. Tafuta kwanza kwa nini haliwaki.

4. Dalili za masega yaliyoharibika

(a) Gari linakosa nguvu, hasa mlimani au likiwa na mzigo.
(b) Linawaka, linanguruma kidogo, kisha linazimika.
(c) Linakunywa mafuta mengi.
(d) Boksi linakuwa jekundu kwa moto.
(e) Kuna harufu ya yai viza nyuma ya gari.
(f) Kuna mlio wa vigae vinavyogongana ndani ya boksi.
(g) Taa ya injini inawaka moja kwa moja.

Lakini tahadhari. Dalili moja haitoshi kuhukumu. Gari linaweza kukosa nguvu kwa sababu ya chujio la petroli lililoziba, au pampu ya mafuta iliyochoka. Daktari hakati mguu kwa sababu mtu anachechemea.

5. Kupima kabla ya kutoa fedha

Kipimo cha kwanza ni cha kompyuta. Fundi huichomeka kwenye gari, nayo husoma namba. Namba P0420 ina maana kwamba kazi ya masega imeshuka chini ya kiwango. Hata hivyo namba hiyo peke yake si hukumu. Bomba lenye tundu, au sensa ya oksijeni iliyochoka, linaweza kuileta. Namba zinazoanza na P030 zinataja kumisi. Mkiziona namba hizo mbili pamoja, anzeni na kumisi.

Kipimo cha pili ni cha kugonga. Gari lipoe kabisa. Gonga boksi taratibu kwa nyundo ya mpira. Kikisikika kitu kinacheza ndani, kigae kimevunjika.

Kipimo cha tatu ni cha geji. Fundi anafungua sensa iliyo mbele ya masega na kufunga geji hapo. Geji hii inahesabu kwa PSI, kipimo kile kile cha upepo wa tairi. Injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, geji isipite PSI 3. Ikipita hapo, njia ya moshi imebana. Ni sawa na jiko lenye bomba: ukiziba bomba la moshi, na moto unafifia.

Mwambieni fundi awaonyeshe geji kwa macho yenu. Nyinyi mnajua kusoma namba. Msione haya kuuliza.

6. Njia za kutengeneza

Kwanza, ondoeni muuaji. Badilisheni plagi au koili, zibeni panapovuja, tibuni injini inayokula oili. Kazi hii isirukwe hata kama fedha ni kidogo.

Pili, chagueni masega ya kuweka. Kuna mapya yaliyotengenezwa na kiwanda kilichounda gari, ambayo ni bei kubwa na hudumu sana. Kuna mapya ya viwanda vingine, ambayo ni rahisi lakini mara nyingi maisha yake ni mafupi. Na kuna yaliyotumika, yanayotolewa katika magari yaliyochinjwa. Haya yapimwe kabla ya kulipa: mulikeni tochi upande mmoja na kuchungulia upande wa pili. Vitundu viwe wazi, visiwe vimeyeyuka wala kuvunjika. Ila tochi haionyeshi kama madini yake bado yana nguvu.

Tatu, simamieni kazi. Gasketi ziwe mpya, moshi usivuje. Kama fundi atachomelea kwa umeme, afungue kwanza nyaya za betri, asije akaunguza kompyuta ya gari. Kama masega ya zamani yalivunjika, aangalie pia boksi la kupunguza sauti lililo nyuma. Vipande huweza kusafiri na kwenda kuziba huko.

Wako watu wanaouza dawa ya chupa ya kumimina katika tangi. Dawa huweza kusaidia kusafisha uchafu mdogo. Lakini haiwezi kuunga kigae kilichovunjika wala kuzibua sega lililoyeyuka.

Je, kupasua na kubakiza bomba tupu? Ni kweli gari litapata nguvu, maana kizuizi kimeondoka. Lakini muuaji bado yumo, na ataendelea kula petroli na injini yenu. Taa ya injini huweza kubaki inawaka siku zote, hata siku itakapotaka kuwaonya jambo jingine msiione. Na sumu yote itawaendea watoto wanaotembea kando ya barabara. Zaidi ya hayo, mtakuwa mmetoa mali bure.

7. Makapi yenye thamani

Kwa nini yule fundi alitaka "kutupa" masega yeye mwenyewe? Kwa sababu ya yale madini. Hata masega yakifa, madini hubaki ndani. Mwaka 2021 bei ya rodiamu ilipanda ikawa zaidi ya mara 10 ya bei ya dhahabu kwa uzito ule ule. Baadaye ilishuka sana, lakini masega mabovu bado ni mali. Katika nchi nyingi wezi huingia chini ya magari usiku na kuyakata kwa msumeno.

Basi shikeni mambo matatu. Gari likienda gereji, mjumbe mmoja wa kikundi abaki nalo. Masega ya zamani yarudishwe mikononi mwenu, boksi zima pamoja na vigae vyake. Na mkitaka kuyauza, ulizeni bei kwa wanunuzi watatu au zaidi, na kila bei iandikwe. Msiyapasue wenyewe, maana vumbi lake si zuri kwa mapafu, na mnunuzi hulipia kilichomo ndani.

8. Hadhari tatu

Usiegeshe gari la moto juu ya nyasi kavu au mabua. Masega yanaweza kuwasha moto, likaungua gari na shamba pia.

Usiwashe gari ndani ya chumba au banda lililofungwa. Masega hayaondoi sumu yote, na yakiwa baridi hayaondoi karibu chochote.

Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Weka vigingi imara, na ngoja chuma kipoe.

Mwisho wa kisa

Mweka hazina alirudi gereji akiwa na daftari. Alimwomba fundi apime mbele yake. Ikaonekana koili moja imekufa na plagi zake zimechoka. Vikabadilishwa hivyo kwanza. Kisha yakafungwa masega mapya ya bei ya kati. Masega ya zamani alirudi nayo nyumbani ndani ya kiroba. Wanunuzi watatu waliulizwa, na yule wa tatu alitoa zaidi ya mara tatu ya bei ya yule wa kwanza. Fedha hizo zililipa sehemu ya gharama.

Fundi hakukasirika. Alicheka, akasema, "Mama, kumbe na wewe ni fundi." Mama akajibu, "Mimi ni mwanakisomo."

Sasa katika daftari la gari la kikundi kuna sharti jipya: "Taa ya injini ikiwaka na kuzima, gari lisimame. Dereva atakayesema itajirekebisha, ataandika jina lake hapa." Hadi nilipotembelea kijiji kile mara ya mwisho, hakuna dereva aliyekuwa ameandika.

HESABU

Gari lilipokuwa zima, lilikwenda kilometa 12 kwa lita 1 ya petroli. Lilipokuwa bovu, lilikwenda kilometa 8 kwa lita 1. Kwenda na kurudi gulioni ni kilometa 96.

1. Gari zima lilitumia lita ngapi kwa safari moja? (96 ÷ 12)
2. Gari bovu lilitumia lita ngapi? (96 ÷ 8)
3. Kila safari walipoteza lita ngapi?
4. Walikwenda mara 2 kwa wiki, kwa wiki 3. Jumla walipoteza lita ngapi?
5. Andika bei ya lita moja ya petroli mahali unapoishi. Zidisha kwa jibu la namba 4. Kisha uliza bei ya plagi moja. Ipi ni kubwa?

Majibu: (1) lita 8, (2) lita 12, (3) lita 4, (4) lita 24.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja madini matatu yaliyomo katika masega.
2. Mwalimu wa chuo alikuwa na maana gani aliposema "tafuta aliyeyaua"?
3. Dereva alikosea wapi? Na wanakikundi wengine, je, walikosea?
4. Kwa nini mweka hazina alimwomba fundi aandike jina la chombo?
5. Katika kijiji chenu, gari, mashine ya kusaga au pampu ya maji ikionyesha dalili ndogo ya ubovu, nani ana wajibu wa kusema? Nani ana wajibu wa kuandika?

Zungumzeni, kisha andikeni majibu yenu katika daftari la kikundi. Kusoma ni kazi, na faida yake huonekana siku fundi anaposema "niachieni, nitawatupia mimi".